Ndama Mwekundu wa Kaniki

Erica, jirani wa upande wa chini, alisimulia hivi: kwamba siku ile ya gulio, jua likiwa halijapanda mlima, alikuwa anakwenda kuchota maji akaona bodaboda imesimama kwenye uchochoro wa nyumba ya Gerson. Nyuma ya bodaboda palikuwa pamefungwa kiroba, na kiroba kilikuwa kinatikisika. Kwenye mdomo wa kiroba, Erica akaapa kwa kaburi la mama yake, ilichomoza miguu miwili ya ndama, myeusi tii, kwato bado laini kama sabuni iliyolowa. Gerson mwenyewe akawa anaisukuma ndani kwa goti, huku macho yanamzunguka kama ya paka aliyeiba. Bodaboda ikatelemka kuelekea barabara ya Mpwapwa, Gerson akarudi ndani akijifuta mikono.

"Mimi sisemi kitu," Erica alimalizia. "Nasema nilichokiona tu."

Hiyo ilikuwa kisimani, siku ya Alhamisi. Ijumaa, kwenye mashine ya kusaga, miguu ilikuwa imefika minne. Jumapili, baada ya ibada, ndama alikuwa amelia ndani ya kiroba na mama yake akamwitikia kutoka zizini.

Debora, binti wa Gerson, alizisikia zote tatu kwa masikio yake na hakujibu hata moja. Kiroba kile alikifunga yeye mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na mbuzi, beberu mdogo mweusi, aliyekuwa anapelekwa kwa mjomba kwa ajili ya kipaimara cha mtoto. Lakini alikuwa ameshajifunza kwamba maneno ya Erica ni kama upupu: ukijikuna ndipo unapojimaliza. Akanyamaza, akidhani yatapita.

Hayakupita, kwa sababu wiki ileile Kaniki alikuwa amezaa.

Kaniki hakuwa ng'ombe wao. Katika nchi ile mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Ukame ukipiga huku, kule patasalia. Ugonjwa ukiingia hapa, pale watapona. Kwa hiyo humpelekea rafiki mmoja, au wawili, akae nao. Rafiki anakunywa maziwa na samadi anapeleka shambani kwake, ila ng'ombe ni wa mwenyewe, na kila atakayezaliwa ni wa mwenyewe, mpaka siku atakapopenda kusema: huyu sasa ni wako. Hakuna karatasi wala sahihi. Kuna sheria mbili tu. Ng'ombe akizaa, habari ifike kwa mwenyewe kabla jua halijazama, pamoja na jinsia ya ndama na rangi yake. Ng'ombe akifa, ngozi ipelekwe. Mtu aliyeshindwa moja kati ya hizo mbili hapewi tena hata kuku wa kutunza.

Mwenye Kaniki alikuwa Silvano. Alihamia Kibakwe kutoka Msalato miaka sita nyuma, wakati ardhi ya kule ilipochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, akaja kukaa upande wa ukweni kwake. Alikuja na mke wake Penina, na wanyama wachache aliowachagua katika kundi lote la zamani. Wengine aliwauza huko huko. Kati ya hao wachache kulikuwa na dume changa jeusi, linang'aa, ambalo watu walilipa jina la Lami kwa sababu Silvano alikuwa hachoki kuisimulia barabara ya lami ya Msalato. Na kulikuwa na mtamba mweusi, Kaniki.

Gerson ndiye aliyempokea. Alimwonyesha maji yasiyokauka, akamwonyesha mpaka wa shamba lipi lina mwenye ugomvi, akamkatia miti ya zizi kwa shoka lake mwenyewe. Mwaka ulipokwisha Silvano alimleta Kaniki kwa kamba, akamfunga mlangoni kwa Gerson, akasema, "Kaa naye. Usiponiangalizia wewe, nani?" Gerson alikuwa mzee wa kanisa na mtu mzima mwenye mvi, lakini siku ile, Debora alikumbuka, alichekacheka kama mtoto aliyevishwa viatu.

Mwaka uliofuata Kaniki alipandishwa na Lami, akazaa jike jeusi. Habari ikapelekwa, Silvano akafurahi, na ndama alipoacha kunyonya akarudishwa kwa mwenyewe. Kaniki akapandishwa tena na Lami, na huyo wa pili ndiye aliyeleta msiba.

Alizaliwa mchana wa jua kali. Gerson alikuwa palizini, mama, Ruthu, alikuwa kwenye kikundi cha akina mama kanisani. Debora alikuwa peke yake. Aliona Kaniki anazunguka, anajilaza, anainuka, akajua. Miguu ilipotoka ikakwama, akaishika kwa kitambaa, akavuta kila Kaniki aliposukuma, mpaka ndama akamdondokea magotini. Akamfuta pua kwa nyasi. Utelezi ulipotoka akaona rangi: mwekundu. Si hudhurungi wala si kijivujivu cha kusema jua litamgeuza. Mwekundu kama udongo wa kichuguu, kutoka pua mpaka mkia.

Hakushtuka. Alifikiri tu, "Huyu naye kajitafutia rangi yake," akaenda kumwita baba.

Gerson alivuka kilima kwa miguu na jembe lake begani, habari ikafika jua likiwa bado juu. "Kaniki kajifungua salama. Dume. Mwekundu."

"Mwekundu kama nani?" Silvano aliuliza.

Alikuja kesho yake asubuhi, na alipopita kwa Erica alikawia. Alipofika zizini alimtazama ndama kwa muda mrefu, akamtazama Kaniki, akamtazama Gerson.

"Giza na giza haviwezi kuzaa moto, Gerson."

"Nami nimeshangaa, bwana. Lakini Mungu ndiye apakaye rangi."

"Mungu hapandi bodaboda."

Hivyo ndivyo mambo mawili yalivyofungwa pamoja, kiroba cha Erica na ndama wa Kaniki. Ikasemwa kwamba Kaniki alizaa jike jeusi, zuri, la mbegu ya Lami, Gerson akaliuza kwa kificho, akaweka badala yake kidume chekundu cha kuokota. Yeyote aliyewahi kumwona ng'ombe akimlamba mtoto wake angejua kwamba Kaniki asingemkubali ndama wa kuokota kirahisi namna ile. Lakini watu walikuwa wanatazama rangi, hawakutazama ulimi.

Jambo hilo likaenda kwenye kikao cha kitongoji. Debora alisimama, akasema, "Mimi nilimvuta kwa mikono yangu." Mwanamume mmoja wa nyuma akasema, "Na binti wa mtu atasema nini, kwamba baba yake mwizi?" Watu wakacheka, kicheko cha wastani tu, si cha ubaya sana, na mwenyekiti akamwambia, "Kaa, mwanangu."

Ndipo Gerson aliposema neno lililommaliza. Hakulazimishwa na mtu. Alikuwa na hakika na ng'ombe wake kama alivyokuwa na hakika na mikono ya binti yake, akasimama, akavua kofia.

"Mrudisheni Kaniki kwa Lami. Tusubiri. Huyo atakayezaliwa awe shahidi. Akiwa mwekundu, Silvano aniombe radhi hapahapa mbele yenu. Akiwa mweusi, niiteni mwizi."

Kikao kikaona ni haki. Mwenyekiti akaandika. Hata Ruthu, usiku huo akipakua ugali, alisema, "Afadhali. Ng'ombe hadanganyi." Nyumba nzima ililala imetulia. Walijua kilichotoka tumboni mwa Kaniki, wakaamini kitatoka hichohicho.

Wakasubiri mwaka na zaidi. Masika ikapita, alizeti zikavunwa, ndama mwekundu akaota vinundu vya pembe. Watoto wa kijiji walimwita Kesi, na jina likamshika. "Kesi kaingia kwenye mahindi ya watu," walikuwa wakisema, na watu wazima wakigeuza nyuso kuficha meno.

Kaniki alipokaribia kuzaa, mwenyekiti alileta mashahidi wawili wazee. Erica alijileta mwenyewe na kigoda chake. Silvano alisimama nje ya zizi, mikono nyuma. Ilikuwa asubuhi, umande haujakauka. Kwato zikaonekana, za njano hafifu kama za ndama yeyote. Kisha pua.

Nyeusi.

Kichwa kikatoka, shingo, mabega, vyote vyeusi kama chungu. Debora hakumtazama ndama, alimtazama baba yake. Gerson alipiga goti, akachukua nyasi, akamfuta ndama pua na mdomo kama alivyowafuta ndama wote wa maisha yake, akamwinua mguu wa nyuma akaangalia. Akamgeukia Silvano.

"Ni jike," alisema. "Mzima."

Akatoka zizini, akaingia ndani.

Silvano aliwachukua wote kabla ya siku saba: Kaniki, mtoto mweusi, na Kesi. Kesi alipelekwa mnadani wiki ileile. Nani alimnunua na alikwenda kuchinjwa wapi, hakuna aliyejua. Gerson alimwandikia mchungaji barua akaacha uzee wa kanisa. Jumapili alikaa benchi la mwisho, kisha akakaa nje kwenye kivuli cha ukuta, kisha akaacha kwenda. Watu hawakumtukana. Waliacha tu kumwambia mambo. Mtu aliyekuwa anaamkiwa na kijiji kizima akawa anapita njiani, wenzake wameinamia simu.

Miezi miwili haikutimia, akaanguka katikati ya matuta ya mahindi. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na ulimi nao. Alisikia, alielewa, macho yalifuata. Ila kinywa kilitoa upepo tu, na wakati mwingine herufi moja isiyo na mwenzake. Daktari wa wilayani alimwambia Ruthu kwa upole ampeleke nyumbani, akae na watu wake.

Debora alibaki akimlisha uji kwa kijiko. Alikuwa mtu wa kutazama tangu utoto, wa kukaa kimya pembeni ya jambo mpaka jambo lenyewe lichoke kujificha. Kila alipomfuta baba yake mdomo alirudi palepale: yule wa kwanza nilimvuta mimi. Kwa hiyo Kaniki anaweza. Kama aliweza mara moja, mbona hakuweza mara ya pili?

Siku ya josho alimfuata Optatus, bwana mifugo. Alimkuta amekaa juu ya ukuta wa josho anakunywa chai ya chupa, viatu vya mpira vimejaa dawa. Debora akamwamkia, akamuuliza bila kuzunguka: ng'ombe wawili weusi wanaweza kuzaa mwekundu?

"Wanaweza," Optatus alisema. "Umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Inatosha kabisa. Una nini kwenye hicho kikapu?"

Alikuwa na njugu mawe za mbegu. Optatus akachagua mbili nyeusi na mbili nyekundu. Akaweka nyeusi na nyekundu kwenye kiganja kimoja cha Debora, nyeusi na nyekundu kwenye kingine.

"Huu mkono ni dume, huu ni jike. Kila mnyama ana mbili za rangi, wewe zihesabu kama njugu. Moja alipewa na baba, moja na mama. Sasa, nyeusi ina ubabe. Ikiwa na nyekundu, nyekundu inajificha na ngozi inatoka nyeusi. Kwa hiyo hawa wote wawili ukiwatazama ni weusi, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Lakini kila mmoja kabeba nyekundu ndani, hajui hata yeye. Akizaa, anampa mtoto moja tu. Ipi? Hachagui. Ni kama kufumba macho. Sasa lini mtoto anatoka mwekundu?"

Debora alitazama viganja vyake. Mifugo ilikuwa inalia nyuma yake, watu wanafokeana foleni.

"Wote wawili wakitoa nyekundu kwa mara moja."

"Haya. Na hilo linatokea mara moja katika nne. Mara tatu ni mweusi. Ndiyo maana nyinyi wafugaji mnagombana na wake zenu na majirani bure."

Debora alikunja vidole juu ya njugu. "Kwa hiyo ndama wa mara ya pili akiwa mweusi..."

"Hajasema kitu. Hajamshtaki mtu, hajamtetea mtu. Mngehitaji wazaliwe wengi." Kisha akamtambua, chupa ya chai ikakaa kimya mkononi. "Wewe ni wa Mzee Gerson."

"Ndiyo."

"Nilikuwa likizo kipindi kile. Nilirudi nikakuta yamekwisha." Akatazama viatu vyake. "Wangeniuliza."

Akamweleza na mengine. Kwamba kipimo kipo, cha vinasaba, kinachosoma damu na kusema nani mtoto wa nani, lakini ndama mwenyewe hayupo tena, na Kaniki na Lami ni mali ya Silvano. Na kwamba njugu zinaonyesha jambo linawezekana tu, hazionyeshi kwamba lilitokea. "Ungewajua wazazi wa hao wawili, hapo ungekuwa na neno. Ng'ombe mwekundu ana nyekundu mbili, hana nyeusi ya kutoa. Kila mtoto wake, hata awe mweusi kama usiku, amepewa nyekundu. Lazima. Hapo hakuna kubahatisha."

Nyumbani, Debora alichukua vikombe viwili, akaweka njugu mbili mbili, akawa anafumba macho na kuchota. Kila mara alichora mstari wa mkaa ukutani. Ruthu alimwangalia kutoka jikoni.

"Mwanangu, hizo njugu unapika au unapigia ramli?"

"Nawazalisha ng'ombe, mama."

"Basi wakizaa maziwa niite."

Alichota mara themanini. Nyekundu mbili zilikutana mara kumi na tisa. Na kuna mahali, katikati ya ile mistari, nyeusi zilifuatana mara tisa bila kuachia. Mara tisa. Baba yake alikuwa ameiweka heshima yake yote kwenye mara moja.

Akaenda kukaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza taratibu, akiziweka njugu juu ya blanketi palipo mkono wa kushoto. Hii ni Lami, hii ni Kaniki. Alipofika kwenye mara tatu kwa moja, aliona jicho la baba yake limejaa. Mkono wa kushoto ukatambaa, ukaziokota zile mbili nyekundu, ukazifumba. Kinywa kikahangaika.

"Si," alisema. "Si."

"Sio hivyo, baba?"

Akatikisa kichwa kwa hasira. Akavuta pumzi. "Sil."

Ruthu, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko, aliweka mwiko chini. "Anamtaka Silvano," alisema.

Silvano alipelekewa ujumbe, mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa shambani. Mara ya pili alikuwa na mafua.

Penina alikutana na Debora kwenye mashine ya kusaga. Foleni ilikuwa ndefu na mashine inanguruma, mahali pazuri kwa mwenye neno asilotaka lisikike. Alimwuliza hali ya mgonjwa, Debora akamwambia ukweli: anakula vijiko vitatu, jana viwili. Kisha, kwa kuwa Penina alikuwa mtu aliyemwosha Debora miguu alipokuwa na jipu, Debora akamweleza habari ya njugu. Hakumwuliza kitu. Alieleza tu, mpaka kwenye ng'ombe mwekundu asiye na nyeusi ya kutoa.

Penina aliacha kufunga kiroba chake.

"Rudia hapo."

Debora akarudia.

"Ngeu," Penina alisema, kama mtu anayeita ng'ombe wa mbali. "Mama yao aliitwa Ngeu. Mwekundu, mwekundu kabisa, maziwa yake tuliwagawia mpaka majirani. Tulimchinja kule Msalato kabla ya kuhama. Ndiye aliyemzaa Lami, na Kaniki akafuata mwaka uliofuata. Wamenyonya ziwa moja hao."

Mashine ilizimwa, ikawashwa tena. Debora alisubiri mpaka ikanguruma vizuri.

"Wote wawili, mama?"

"Wote wawili. Na huyo ndama wenu alikuwa Ngeu mtupu, mwanangu. Siku ile nilipomwona nyuma ya zizi lenu nilirudi nyumbani nikamwambia mzee wangu, Ngeu karudi. Akaniambia nifunge mdomo. Alikuwa ameshasema kwa watu." Alikaza kamba ya kiroba mpaka vidole vikabadilika rangi. "Mimi sijakwambia kitu, Debora. Nyumba ile ndiyo ninayolala."

"Hujaniambia kitu, mama."

Debora alibeba unga kichwani, akaupeleka kwanza nyumbani. Alimkuta baba amelala, pumzi inapanda kwa kuvutwa kama ndoo ya kisima kirefu. Siku hiyo kilikuwa kijiko kimoja tu. Akajifunga kitenge kisafi, akavuka kilima.

Silvano alikuwa nyuma ya zizi anasokota kamba ya katani, ncha moja ameibana kwa kidole gumba cha mguu. Lami alisimama upande wa pili wa miti, mkubwa, anang'aa, anatafuna. Kaniki alikuwa ndani, na jike lake jeusi ubavuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimekuja kuwasalimu."

"Tumesalimika." Aliendelea kusokota. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Baba ndiye anakwenda."

Mikono ya Silvano ilipoteza mahali pake kwenye kamba, ikapatafuta, ikapapata. "Sote tunakwenda," alisema.

Debora alichuchumaa, kwa adabu, mbali kidogo. Alieleza yale ya bwana mifugo kwa maneno machache kuliko alivyokuwa ameyapanga njiani. Nyeusi inayoficha nyekundu. Mara moja katika nne. Alikuwa amezifunga njugu kwenye pindo la kitenge, akaona aibu kuzitoa mbele ya mtu mzima, akaziacha.

"Kwa hiyo bwana mifugo amekutuma uje uniite mwongo kwenye zizi langu."

"Hapana, baba. Hajui kama nimekuja."

"Alisema mwenyewe. Baba yako. Sikumlazimisha. Akiwa mweusi niiteni mwizi. Kijiji kizima kilisikia. Mimi nifanyeje, nimbishie?"

"Hakujua. Hata wewe hukujua habari ya mara nne. Hakuna aliyejua."

"Basi."

"Basi, baba. Hilo halina mwenye kosa."

Alimwona analifikiria neno hilo kutoka pande zote, kama mtu anayepima kamba kabla ya kuning'inia. Kuku alipita kati yao. Jikoni, sufuria iliyokuwa ikisuguliwa iliacha kusuguliwa.

"Mama yake Lami," Debora alisema, "alikuwa wa rangi gani?"

Silvano aliinua macho kwa mara ya kwanza. Hayakumtazama Debora. Yalikwenda jikoni, yakakaa huko, yakarudi kwenye kamba.

"Nani kakutuma uulize hivyo?"

"Ndama, baba. Yule mwekundu. Nilimvuta mimi, najua alikotoka. Kwa hiyo najua kuna nyekundu nyuma yake, upande wa Lami na upande wa Kaniki, haiwezekani isiwepo. Wewe ndiye uliyewatoa Msalato. Hapa Kibakwe hakuna mwingine aliyewaona mama zao."

Alikuwa hodari wa kusubiri, ila safari hii hakungoja ajibiwe.

"Sitaki ng'ombe," alisema. "Sitaki kikao kirudi. Erica aseme atakavyo, nimemzoea. Sitaki hata radhi, kama radhi ni ngumu. Naomba uje nyumbani leo, sasa hivi, tuvuke wote. Ukae kitandani pale, si lazima mtu mwingine awepo, mama nitamtoa nje. Umwambie tu mama yake Lami alikuwa na rangi gani. Ni neno moja. Kusema hawezi, lakini masikio anayo. Asubuhi alikuwa nayo."

Silvano alichukua nyuzi nyingine kwenye fungu. Akazilowesha kwa mate, akaziunganisha na ncha, akaanza kusokota, na kamba ikawa inarefuka polepole kwenye kidole cha mguu wake. Lami alishusha pumzi nzito juu ya miti. Jua lilikuwa limeshagusa kilima ambacho Debora alitakiwa kukivuka.

"Baba," Debora alisema. "Twende?"